Taa ya Breki Inayojifunga Yenyewe: Inasema Nini na Haisemi Nini



Juma hili tunaweka kando mfululizo wetu wa mirathi, tupate kuzungumza juu ya taa moja ndogo ya rangi ya chungwa. Iko katika dashibodi za magari mengi yanayoingia sasa nchini, ina picha ya gari na alama mfano wa mshindo mbele yake, au ina herufi tatu tu, PCS. Kwa muda wa wiki tatu taa hiyo imeisumbua jamaa yetu ya Bukundi kuliko tulivyotarajia, na kwa kuwa tunajua familia nyingine zinazo magari ya aina hiyo hiyo, tumeona si vyema elimu tuliyoipata ibaki kwetu.

Habari yenyewe ni hii. Waumini walichanga, wakanunua Toyota Fielder iliyotumika Japani, iwe ya kupeleka wagonjwa Mwanhuzi na kuhudumia misiba. Usiku mmoja gari likiwa na mama mjamzito ndani, taa ile ikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Dereva, ambaye ni mtu mwangalifu, aliona neno la breki akadhani breki zimekufa. Akaegesha kando ya njia, porini, akapiga simu huku na huku. Mgonjwa alikaa pale karibu saa nzima hadi lilipopatikana gari jingine. Alhamdulillah, mama na mtoto wako salama. Asubuhi breki zilijaribiwa na zikakutwa zinashika barabara, wala hakuna lililopungua.

Gari likapelekwa gereji. Fundi mmoja akaamua, bila kulipima kwa kompyuta, kwamba ibadilishwe pampu nzima ya ABS, kwa bei ya ng'ombe wawili walionona. Hapo ndipo baadhi ya wazee katika kikao chetu waliposhauri gari liuzwe upesi, kabla habari ya taa haijaenea. Wengine wakasema haiwezekani. Mzee mmoja akatugeukia akauliza, "Ustadhi, wewe unayesoma makaratasi, hiyo taa hasa inasema nini?" Swali hilo ndilo tulilopaswa kuanza nalo sote, na ndilo makala hii inalijaribu.

Kwanza tutenganishe taa na taa, maana hapa ndipo roho za watu zinapoingia hatarini au zinapotishwa bure. Katika dashibodi kuna taa nyekundu yenye alama ya mshangao ndani ya duara, na pengine neno BRAKE pembeni yake. Hiyo ikiwaka wakati breki ya mkono imeshushwa, huenda mafuta ya breki yamepungua au kuna hitilafu katika breki zenyewe. Simama mahali salama, usiendelee na safari. Kuna taa ya rangi ya chungwa yenye herufi ABS, inayoeleza kuwa breki zipo lakini uwezo wa kuzuia magurudumu yasijifunge na kuteleza haupo. Hapo utaendesha taratibu hadi kwa fundi. Taa yetu ya leo ni ya tatu, tofauti kabisa na hizo mbili. Inahusu msaidizi tu. Inapowaka peke yake, kanyagio la breki chini ya mguu wako linafanya kazi kama lilivyofanya jana. Kilichoondoka ni jicho la ziada lililokuwa likitazama barabara pamoja nawe.

Laiti dereva wetu angaliambiwa jambo hilo moja siku alipokabidhiwa ufunguo, mama yule asingelala porini. Dereva hana lawama katika hili. Gari lilikuja na kitabu cha Kijapani, na maandishi ya dashibodi nayo ni ya Kijapani.

Jicho hilo la ziada ni nini? Ni breki ya dharura inayojifunga yenyewe. Mbele ya gari huwekwa kamera, au rada, au mwali wa leza, au viwili kati ya hivyo kwa pamoja. Kompyuta hupima umbali wa kilicho mbele na kasi ambayo umbali huo unapungua. Ikiona mgongano unakaribia na dereva hajafanya lolote, hupiga kengele na kuwasha maandishi mekundu. Dereva akikanyaga breki, mfumo humwongezea nguvu ya mkanyago. Asipokanyaga kabisa, hufunga breki wenyewe. Yote hayo hupita kwa muda mfupi kuliko wa kusema "Subhanallah".

Wajapani hawakuanza jana. Mwaka 2003 Toyota waliweka mfumo wa rada wa kujiandaa na ajali katika Harrier, na mwaka huo huo Honda wakauza gari lenye uwezo wa kujipunguzia mwendo mbele ya hatari. Mwaka 2008 Subaru walileta EyeSight yao yenye kamera mbili zilizopangwa kama macho ya binadamu, na Volvo wa Sweden wakaufanya mfumo wao kuwa sehemu ya kawaida ya gari la XC60. Machi 2015 Toyota wakaanza kuweka kifurushi walichokiita Toyota Safety Sense C katika Corolla Axio na Fielder, magari ya watu wa kawaida. Japani ikafanya breki hii kuwa sharti kwa miundo mipya ya magari ya ndani kuanzia Novemba 2021. Umoja wa Ulaya ukaitaka katika miundo mipya kuanzia Julai 2022, na katika kila gari jipya kuanzia Julai 2024.

Kwetu sisi hesabu ni rahisi. Gari la Japani huchukua miaka kadhaa kabla ya kufika bandari ya Dar es Salaam, na kwa kuwa ushuru wetu huliadhibu gari lenye umri mkubwa, wanunuzi wengi wanayakimbilia yale yasiyo na umri mkubwa. Kwa hiyo yaliyokuwa mambo mapya ya Tokyo miaka ile ndiyo sasa yanayopita katika vumbi la Meatu, bila kitabu cha Kiswahili na bila mtu wa kueleza.

Je, yana faida? Yanayo. Taasisi ya bima ya Marekani inayoshughulika na usalama barabarani, IIHS, ilichunguza magari yenye onyo la mgongano pamoja na breki hii, ikakuta ajali za kugonga gari la mbele kwa nyuma zimepungua kwa karibu nusu. Hilo si jambo dogo. Gari lililo katika kilomita 80 kwa saa husafiri takriban mita 22 kwa sekunde moja, na sekunde moja ndiyo muda ambao mtu hupoteza akigeuka kumtazama mtoto anayelia kiti cha nyuma.

Lakini sasa tufike mahali ambapo tungependa kila msomaji wa Bukundi, Maswa, Itilima na kwingineko atulie kidogo. Mfumo huu ulifundishwa kuona barabara za Japani. Jambo kubwa uliofundishwa ni mgongo wa gari jingine. Ile Safety Sense C ya mwanzo, ambayo ndiyo iliyomo katika Fielder nyingi za mwaka 2015 na 2016, haikuundwa kumtambua mtu anayetembea kwa miguu. Kifurushi kikubwa zaidi cha P, chenye rada ya mawimbi na kamera, ndicho kilichopewa uwezo wa kumwona mtembea kwa miguu, nacho kiliwekwa katika magari ya bei ya juu. Ama ng'ombe, mbuzi, punda na mkokoteni unaokokotwa na maksai usiku bila taa, usivitarajie vitambuliwe na gari la aina hii. Huenda likavibahatisha, lakini hakuna aliyekuahidi.

Na hebu tutazame barabara zetu. Wilaya ya Meatu ni nchi ya mifugo. Jioni makundi yanarudi kutoka malishoni na malamboni, mtoto wa miaka kumi yuko mbele na fimbo, mwenzake yuko nyuma kabisa, na katikati ni pembe na vumbi. Msimu wa pamba, malori aina ya Fuso yanapita yamejaa hadi juu. Baiskeli imebeba magunia mawili ya mkaa na mwenyewe anasukuma kwa upande. Bodaboda ina watu watatu na taa yake ya nyuma ilikufa zamani. Hivyo ndivyo vitu vilivyo mbele ya dereva wetu, na karibu vyote ni vigeni kwa jicho la kamera ile. Kijana aliyetuambia kwamba Fielder "inajiendesha yenyewe ukisinzia" alikuwa anazungumza maneno ya hatari, na tulimwambia hivyo mbele ya watu.

Hata kwa vitu inavyoviona, nguvu yake ina mpaka. Katika Safety Sense C mfumo wenyewe hufunga breki gari likiwa kati ya kilomita 10 na 80 kwa saa, na kiasi cha mwendo unachoweza kupunguza ni kama kilomita 30 kwa saa. Mtu anayekuja na 40 nyuma ya lori lililosimama anaweza kuokoka na bampa lililobonyea. Anayekuja na 80 atapunguziwa afike na 50, na 50 bado inaweza kuua. Tena hayo ni kwa lami kavu na tairi nzima. Juu ya changarawe, au juu ya udongo mweusi wa mbugani mvua ikishanyesha, breki zitafungwa lakini gari linaweza kuendelea kuteleza mbali zaidi kabla ya kusimama.

Turudi kwenye taa. Katika Toyota nyingi zenye mfumo huu, taa ya PCS ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, mara nyingi maana yake ni kwamba mtu ameuzima mfumo kwa kitufe, kwa kujua au kwa kubahatisha, au amezima ule wa kuzuia gari kuteleza unaoitwa VSC. Tazama kama kitufe hakikubonyezwa na watoto waliokuwa wakicheza ndani ya gari, tumeliona hilo. Ikiwa inapepesa, mfumo unasema: sioni, au naumwa. Subaru wao wametofautisha: alama nyeupe ni kusimama kwa muda, ya njano ni hitilafu. Nissan, Mazda na Honda kila mmoja ana desturi yake, kwa hiyo asiyejua gari lake asikisie kwa gari la jirani. Maandishi ya Kijapani yakitokea katika dashibodi, yapige picha kwa simu na uiombe programu ya tafsiri iyasome. Kiswahili chake kitakuwa cha kuchekesha, lakini utaelewa kama limetajwa neno kamera, au uchafu, au injini.

Katika mazingira yetu sababu ya kwanza ya kutoona ni vumbi na tope. Kamera hukaa nyuma ya kioo cha mbele, juu, karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Waipa hazifiki vizuri pale kama zimechakaa, na zikifika huchora upinde wa tope mbele ya jicho. Kwa magari yenye rada, kifaa hicho hukaa mara nyingi nyuma ya nembo ya mbele au ndani ya bampa. Tope likikauka juu yake, rada imefungwa kitambaa machoni. Kitambaa laini kilicholoa maji kinatosha. Usikwangue kwa kisu, usitumie mchanga, na usiguse lenzi yenyewe kwa ndani.

Sababu ya pili ni jua. Anayesafiri kuelekea magharibi dakika chache kabla ya swala ya Maghrib anajua namna jua linavyomziba yeye mwenyewe. Kamera nayo huzibwa. Ukungu wa asubuhi, mvua kubwa na wingu la vumbi la lori lililotangulia hufanya vivyo hivyo. Vilevile gari lililoachwa juani mchana kutwa kioo chake hupata moto, kamera ikajipumzisha hadi ipoe. Katika hali hizi zote taa huzimika yenyewe sababu ikiondoka, wala hakuna haja ya kumlipa mtu.

Sababu ya tatu inatuhusu sisi Waislamu kwa karibu, na wasomaji watusamehe tukisema wazi. Ni stika. Juu ya kioo cha mbele cha gari letu kulikuwa na ukanda mpana ulioandikwa Maashaa Allah kwa dhahabu, umebandikwa kwa mapenzi kabisa na kijana wa madrasa. Chini yake kidogo, stika ya Nenda kwa Usalama. Pembeni inaning'inia tasbihi ndefu inayocheza kila gari likiruka shimo. Ukanda ulikuwa umeifunika nusu ya kamera, na nusu iliyobaki ilikuwa na tope. Fundi wetu wa umeme wa magari, kijana wa hapa hapa, aliukwangua ukanda kwa maji ya uvuguvugu, akasafisha kioo, akaliendesha gari kilomita chache, na taa ikazimika. Hakuna pampu iliyonunuliwa. Dhikri ni ya ulimi na moyo. Kioo kiachwe kionyeshe barabara. Ukipenda kubandika, bandika kioo cha nyuma pembeni. Stika ya usalama barabarani iwekwe chini, upande wa abiria, isikokuwa na kamera wala jicho la dereva. Karatasi nyeusi ya tinti inayobandikwa juu ya kioo ili kuzuia jua nayo ni katika mlango huo huo.

Zipo sababu zisizoondoka kwa kitambaa. Barabara za changarawe zinapasua vioo kila siku. Kioo kikibadilishwa, mara nyingi huwekwa cha kawaida kilichopatikana Mwanza au Shinyanga, na kamera hubandikwa upya kwa kukadiria. Kamera hiyo inahitaji kupangwa upya kwa vipimo na kwa kompyuta. Ikipinda kiasi kidogo tu, huko mbele mita 50 inakuwa inatazama mtaro badala ya barabara. Tena kuna mtindo wetu wa kuliinua gari kwa kuweka spesa juu ya springi ili lisiguse mawe. Tunaielewa sababu yake, nasi wenyewe tunaishi katika barabara hizo. Lakini gari lililoinuliwa mbele lina kamera inayotazama mawinguni, na lililobebeshwa mizigo nyuma vivyo hivyo. Waliofunga ngao ya chuma mbele ya bampa katika magari ya rada wameiwekea rada ukuta. Mtu ana haki ya kuchagua ngao au rada. Asichague vyote viwili kisha akashangaa taa inapepesa.

Na mwisho wa sababu, ambao mafundi wengi hawauelezi: katika Toyota hitilafu ya injini inaweza kuwasha taa tatu kwa pamoja, ya injini, ya VSC na hii ya PCS. Gari limeona injini haiko sawa, likaamua kuzima wasaidizi wake wote kwa tahadhari. Ukiziona tatu kwa pamoja, ugonjwa mara nyingi uko kwenye injini, na likitibiwa hilo nyingine huondoka. Betri ikichomolewa au ikichoka, taa hizi pia zinaweza kuwaka kwa muda, na katika magari mengi huzimika baada ya mwendo mfupi. Ndiyo maana tunasisitiza: kabla ya kununua kifaa chochote, gari lipimwe kwa kompyuta, msimbo wa hitilafu uandikwe kwenye karatasi, na karatasi ibaki mikononi mwako. Fundi anayekataa kupima lakini yuko tayari kuuza pampu, mshukuru kwa chai yake uondoke.

Sasa suala la kuuza. Wazee waliotaka gari liuzwe kimya kimya tunawaheshimu, na walikuwa wakiihurumia mali ya waumini. Kamati iliamua kinyume chao, na tungeamua hivyo hata kama ugonjwa ungekuwa mkubwa. Wasomaji wanakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) sokoni alipoingiza mkono katika rundo la nafaka, akakuta chini kumeloa na juu kukavu. Taa ya gari ni rundo lile. Tumesikia kuna wanaoziba taa kwa utepe mweusi, na wengine wanaoichomoa kabisa ili mnunuzi aone dashibodi safi. Katika fiqhi mnunuzi aliyefichwa aibu ya bidhaa ana hiari ya kuirudisha, lakini nani wa kijijini atalirudisha gari kwa mtu aliyemwuzia na kubadilisha namba ya simu?

Basi mnunuzi ajilinde mwenyewe, na njia ipo. Washa ufunguo bila kuwasha injini. Taa nyingi za dashibodi zinapaswa kuwaka kwa sekunde chache, ile ya PCS ikiwa miongoni mwao, kisha zizimike injini ikishawaka. Gari ukijua lina mfumo huu, na taa yake haikuwaka hata mara moja katika jaribio hilo, kuna mtu aliyeigusa. Uliza kabla hujatoa fedha. Tazama pia kioo cha mbele juu katikati: penye kisanduku cheusi cha kamera pana mfumo, pakiwa na alama ya gundi na tundu tupu, kuna kilichotolewa.

Kina mama wasidhani haya ni ya wanaume. Katika nyumba nyingi baba ndiye anayeendesha lakini mama ndiye anayepanda na watoto, na taa inapopepesa ni yeye anayeiona kwanza kwa kuwa macho ya baba yako barabarani. Aseme. Na akiambiwa "hiyo ni ya urembo tu, iache", aulize tena. Vilevile yeye ndiye mwenye kauli juu ya mwendo akiwa na mtoto mgongoni. Sheria yetu imeweka kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na dereva anayevuka kwa 90 mbele ya mnada wa ng'ombe hana kamera ya kumsaidia.

Tungependa pia kuwaomba waagizaji wa magari huko Dar es Salaam jambo moja dogo: karatasi moja ya Kiswahili katika kila gari, yenye picha za taa na maana zake. Gharama yake ni ya kurudufu. Tumeona nguo za dukani zinakuja na maelezo ya kufua. Gari la kubeba roho za watu linakuja bila neno.

Jamaa yetu ya Bukundi imeandika karatasi yake kwa mkono na kuibandika ndani ya mlango wa dereva. Imeandikwa: nyekundu yenye mshangao, simama, ABS, taratibu hadi kwa fundi, PCS peke yake, endelea kwa uangalifu, safisha kioo, kumbuka msaidizi hayupo. Madereva wote watatu wameisoma kwa sauti mbele ya kamati, pamoja na mmoja aliyesema anaijua tayari.

Limebaki moja ambalo msomaji mmoja alituuliza kwa simu wakati tunaandika haya: gari likikwama matopeni na kuvutwa na lori kwa kamba, mfumo ufanyweje? Uzimwe. Mgongo wa lori uko karibu sana, unasogea na kurudi kila kamba ikikaza na kulegea, na mfumo ukiwa hai unaweza kuona mgongano na kufunga breki katikati ya mvuto, kamba ikakatika na kuruka usoni mwa watu. Ndivyo pia gari linapobebwa juu ya lori au melini. Shikilia kitufe cha PCS hadi taa ya rangi ya chungwa ibaki inawaka bila kupepesa, vuta, kisha ukishatoka matopeni zima injini na uiwashe tena. Katika Toyota nyingi mfumo hurudi wenyewe hapo. Ukiona taa haijaondoka, bonyeza tena kabla hujaingia barabarani.